Shamba la Nabothi na Nguzo za Umeme

Katika miaka ya kudai mageuzi, maneno makubwa yalikuwa mengi: vyama vingi, katiba mpya, kura huru, utawala wa sheria. Tuliyatamka barabarani na kuyaombea makanisani. Lakini utawala wa sheria haupimwi katika mikutano ya hadhara pekee. Hupimwa pia siku ambayo afisa wa serikali anaweka kidole chake juu ya ramani na kusema: hapa patajengwa kituo cha umeme, hapa zitapita nyaya, hapa patachimbwa mabwawa ya maji machafu ya mji. Siku hiyo, mwenye shamba lililo chini ya kidole hicho ana haki gani? Anaweza kuuliza kwa nini ni hapa wala si pale? Na akiuliza asijibiwe, ni nani atakayemlazimisha mwenye kidole ajibu?

Makala haya yanashikilia kwamba mwenye kazi hiyo ni mahakama; kwamba mamlaka ya mahakama kuyachunguza maamuzi kama hayo ni tunda halisi la mageuzi tuliyoyapigania; na kwamba tunda hilo litaoza mtini ikiwa sisi wa Chepseon, Londiani, Kipkelion na Bomet hatutajifunza kulichuma kwa wakati wake.

Nianze na Maandiko, kwa kuwa wasomaji wengi wa kijarida hiki ni watu wa kanisa. Kila aliyepitia shule ya Jumapili anakijua kisa cha Nabothi wa Yezreeli katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 21. Mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu kwa kuwa lilipakana na jumba lake, naye alikusudia kulifanya bustani ya mboga. Alitoa fidia: shamba jingine lililo bora, au fedha. Nabothi alikataa kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake. Hapo ndipo Yezebeli alipoingia kazini.

Tukisoma kisa hiki tunaona haraka dhuluma ya mfalme, lakini mara nyingi tunaipita bila kuitazama namna dhuluma hiyo ilivyotendwa. Yezebeli hakutuma askari kulivamia shamba. Alituma barua zenye muhuri wa mfalme. Wazee wa mji waliitwa, mkutano wa hadhara ukafanyika, mashahidi wawili wakasimama kama sheria ya Musa ilivyotaka, na hukumu ikatolewa mbele ya watu. Kwa anayehesabu mihuri na mikutano, utaratibu ulitimizwa wote. Kilichokosekana ni ukweli ndani ya utaratibu huo: waliokutana walikuwa wamekwisha kuambiwa watakaloamua.

Simlinganishi afisa yeyote wa umeme au wa maji na Yezebeli. Watu hao wengi wana kazi ngumu, na nchi yetu inahitaji umeme na maji. Ninachosema ni kwamba kisa hiki kinatufundisha la kuuliza. Mkutano ulifanyika, haya. Lakini je, ulifanyika kabla ya uamuzi au baada yake? Watu walialikwa, haya. Lakini je, walipewa karatasi za kusoma, au waliitwa tu ili watie sahihi katika orodha ya mahudhurio? Sheria ya Kenya leo inamruhusu jaji kuuliza maswali hayo hayo. Haikuwa hivyo sikuzote.

Watu wa Kericho hawahitaji kusimuliwa maana ya uamuzi wa ardhi usioweza kuulizwa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria maalumu ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai katika nchi ya Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi, mbali na makwao. Hawakushtakiwa mmoja mmoja wala kusikizwa. Amri iliandikwa, ikatiwa muhuri, ikatekelezwa. Mashamba makubwa ya majani chai tunayoyapita kila siku yalitokana na maamuzi ya namna hiyo hiyo, yaliyofanywa na watu waliotazama ramani wasiwatazame wenyeji. Hapakuwa na mlango wa mahakama ambao mzee wa Kipsigis angeweza kuubisha akasikizwa.

Uhuru ulipokuja tulidhani mlango umefunguliwa. Mwaka 1989 tuliona kwamba ulikuwa bado na komeo. Serikali ya chama kimoja ilikusudia kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, liwe makao ya kampuni ya magazeti ya chama. Wangari Maathai aliandika barua kwa ofisi nyingi akiuliza. Hakupata jibu ila matusi. Akaenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi uzuiwe. Jaji aliitupa kesi bila kuuliza kama ujenzi ule ulikuwa halali au haramu. Sababu yake ilikuwa kwamba Profesa Maathai hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi kuliko watu wengine. Kwa maneno mengine, mali iliyokuwa ya wote haikuwa na hata mtu mmoja wa kuitetea.

Bustani iliokoka, lakini iliokolewa na kelele za wananchi na kusitasita kwa wafadhili wa kigeni, wala haikuokolewa na mahakama. Tukumbuke pia hali ya majaji wa miaka hiyo. Mwaka 1988 Bunge lilibadilisha Katiba na kuwanyang'anya majaji wa Mahakama Kuu ulinzi wa kazi zao, hata ikawezekana wenye madaraka kuwaondoa bila kupitia jopo la uchunguzi. Ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990, baada ya mawakili na viongozi wa kanisa kupaza sauti. Jaji anayeweza kufutwa na yule anayeshtakiwa mbele yake atakuwa na ujasiri gani wa kumuuliza maswali?

Ndiyo maana nasema kwamba suala la nguzo za umeme na suala la vyama vingi ni la ukoo mmoja. Tulipodai kufutwa kwa Kifungu cha 2A, kikafutwa Desemba 1991, tulidai kwamba pasiwe na mamlaka yasiyoulizwa. Kura huuliza mara moja kila miaka mitano. Mahakama huweza kuuliza siku yoyote ambayo mwananchi mmoja anaingia na ombi lake.

Hebu tutazame yaliyobadilika. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 iliuondoa ule mlango wa komeo uliomzuia Profesa Maathai, kwa kumruhusu mtu kushtaki juu ya mazingira hata kama madhara hayakumgusa yeye peke yake. Katiba ya 2010 ikapanua zaidi. Kifungu cha 22 na cha 258 vinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya wengine au kwa maslahi ya umma. Kifungu cha 70 kinasema kwamba anayelalamikia mazingira hahitaji kuthibitisha kwamba mtu yeyote amekwisha kupata hasara au kuumia. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na maafisa wa serikali kwa njia ya halali, ya busara, isiyochelewa na yenye utaratibu wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomdhuru. Kifungu cha 40 kinasema kwamba serikali ikitwaa ardhi kwa ajili ya umma italipa fidia ya haki, kamili na bila kukawia, na kwamba mwenye ardhi ana njia ya kwenda mahakamani. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala, inayomtaka afisa anayekusudia uamuzi utakaowagusa watu wengi autangaze na kuyapokea maoni yao kabla ya kuamua.

Ni muhimu tuelewe mahakama inafanya nini hasa inapochunguza uamuzi wa namna hii, kwa maana wengi huenda na matumaini yasiyo yake, wakarudi wamevunjika moyo. Jaji hachukui kalamu akachora ramani mpya. Si kazi yake ya kawaida kusema kwamba kituo cha umeme kingefaa zaidi ng'ambo ya mto. Yeye huuliza: Je, aliyeamua alikuwa na mamlaka ya kisheria? Je, aliufuata utaratibu uliowekwa? Je, aliwasikiza watakaoguswa? Je, alizingatia yale aliyopaswa kuyazingatia, na kuyaacha yale yasiyohusika, kama vile urafiki, hongo au kisasi cha kisiasa? Je, uamuzi wenyewe una busara, au ni wa namna ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeufikia? Akiona kasoro, anaweza kuufuta uamuzi, kuuzuia usitekelezwe, au kumlazimisha afisa atimize wajibu alioukwepa. Mara nyingi uamuzi hurudi kwa afisa yule yule ili aufanye upya kwa njia iliyo sawa.

Wazee wetu hawatashangazwa na mpango huo. Katika kokwet, mkutano wa ujirani wa Wakipsigis, shauri halikukatwa kabla ya wahusika kusikizwa, na mzee aliyekata shauri nyumbani kwake na kuja kulitangaza tu angeulizwa maswali.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika nchi yetu unatoka Lamu. Kampuni ya Amu Power ilikusudia kujenga huko mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wenye uwezo wa megawati 1,050, karibu na mji mkongwe ambao shirika la Unesco liliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Septemba 2016 NEMA ilitoa leseni. Wakazi, kupitia muungano wao wa Save Lamu, walikata rufaa katika jopo la kitaifa linalosikiza rufaa za mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 jopo hilo liliifuta leseni.

Ndugu msomaji, zingatia sababu zake. Jopo halikusema kwamba makaa ya mawe ni marufuku Kenya. Lilisema kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano iliyotajwa kama ushahidi ilifanyika kabla ya ripoti ya tathmini ya athari kukamilika, kwa hiyo watu hawakuweza kutoa maoni juu ya ripoti ambayo haikuwapo. Ripoti ilipokamilika, yenye kurasa nyingi na mambo ya kitaalamu, wakazi hawakurudiwa na kuelezwa yaliyomo kwa njia ambayo wangeielewa na kuijibu. Jopo lilikosoa pia jinsi suala la mabadiliko ya tabianchi lilivyoachwa, ingawa Bunge lilikuwa limepitisha sheria juu yake mwaka 2016. Kampuni iliachiwa nafasi ya kufanya tathmini mpya kama bado ilitaka mradi. Ilichagua kukata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Malindi ikaikataa rufaa hiyo. Mikutano ilikuwapo, mihuri ilikuwapo, lakini jopo lilitazama ndani yake. Shamba la Nabothi halikupata jopo kama hilo.

Wengine watauliza: Je, kila anayekwenda mahakamani hupata? La. Tutazame upande wa pili, kule Marsabit. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Ulipewa ekari 150,000 za ardhi iliyokuwa chini ya baraza la wilaya kwa niaba ya wafugaji. Wakazi walishtaki mwaka 2014, wakisema kwamba ardhi ilitolewa bila kufuata sheria ya ardhi ya amana. Kesi ikaendelea, na ujenzi ukaendelea pia. Julai 2019 Rais wa wakati huo akaufungua mradi rasmi. Oktoba 2021 mahakama iliyokaa Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha Katiba na sheria, ikatoa mwaka mmoja ili makosa yarekebishwe.

Wafugaji walikuwa na haki tangu mwanzo, na mahakama ilikiri hivyo. Lakini kufikia siku hiyo mitambo yote ilikuwa imesimama, nyaya zimefika, na umeme unatumika majumbani mwetu. Ni jaji gani ataamuru mitambo 365 ing'olewe? Eliya naye alimfikia Ahabu akiwa tayari ndani ya shamba, na Nabothi akiwa amekwisha kuuawa. Neno la nabii lilikuwa la kweli, lakini halikumrudisha mwenye shamba. Kwa hiyo mafundisho ya Lamu na ya Marsabit yaende pamoja: mahakama inaweza kutazama ndani ya utaratibu, lakini nguvu yake ya kuponya hupungua kadiri saruji inavyokauka.

Upo mfano wa tatu, nao ni wa kusikitisha. Huko Kinangop, katika Nyandarua, mradi wa umeme wa upepo wa megawati 60 ulikufa mwaka 2016 baada ya mzozo mrefu na wakazi, ambao ulifika mpaka kwenye maandamano na makabiliano na polisi. Wenye fedha walipoteza fedha, na nchi ikapoteza umeme. Anayesema kwamba kesi huchelewesha maendeleo na ajiulize kama barabara iliyofungwa kwa mawe huyaharakisha.

Hapa nafikia pingamizi kubwa, ambalo sharti lijibiwe kwa heshima. Wapo wasemao: Sisi wa vijijini tunalilia umeme. Mama anayejifungua usiku anahitaji taa katika zahanati. Mkulima anahitaji mashine ya kupoza maziwa. Kiwanda cha majani chai kikikosa umeme, majani yaliyochumwa yanaharibika na mkulima ndiye anayepata hasara. Je, kila nguzo ikipelekwa mahakamani, tutafika lini?

Hoja hiyo ina uzito, na sisi wapenda mageuzi tusiipuuze. Kituo cha umeme hakina budi kuwa mahali fulani, na mahali hapo patakuwa karibu na mtu fulani. Kama kila mmoja wetu anautaka umeme lakini anataka nguzo isimame kwa jirani, huo hautakuwa utetezi wa haki. Utakuwa ubinafsi uliovikwa joho la sheria. Kanisa lisikubali kutumiwa kwa jambo hilo.

Lakini sheria yenyewe imekwisha kuweka ulinzi dhidi ya kesi zisizo na mwisho, kwa njia ya muda. Anayetaka amri ya kuufuta uamuzi kwa utaratibu wa zamani wa Mahakama Kuu hupewa miezi 6. Anayekata rufaa kwa jopo la mazingira hupewa siku 60. Serikali inayotangaza mapema, inayosikiza kwa unyofu na kuandika sababu zake haina haja ya kuogopa jaji. Kinachochelewesha miradi ni uamuzi uliofanywa gizani, ambao baadaye unalazimika kurudiwa mchana. Haraka haraka haina baraka. Na kwa serikali, haraka hiyo hulipwa kwa kodi yetu.

Wengine husema pia kwamba majaji si wahandisi, basi wasiingilie mambo ya volti na nyaya. Ni kweli kwamba si wahandisi. Lakini swali la kama mjane fulani alipewa notisi halihitaji uhandisi. Wala swali la kama njia ya nyaya ilipindwa ili ikwepe shamba la mkubwa na kukata shamba la mnyonge. Mhandisi ataeleza kwa nini njia ilipinda. Kama sababu yake ni ya kweli, na aiandike.

Sasa nirudi kwetu. Sijasema kwamba kuna mradi wowote mbaya uliokusudiwa Chepseon. Tuchukue mfano tu. Tuseme kesho chifu anaitisha baraza na kuwatambulisha wageni wenye kofia ngumu na ramani, wanaosema kwamba nyaya za umeme mkubwa zitapita kutoka upande wa Londiani, zikate mashamba madogo ya majani chai na mahindi, na kwamba kituo kitajengwa mahali fulani karibu na shule. Chini ya nyaya za namna hiyo nyumba na miti mirefu hairuhusiwi. Kwa mwenye ekari mbili, ukanda mmoja wa ardhi ni karo ya watoto. Afanye nini?

Kwanza, na aombe karatasi. Katiba, katika Kifungu cha 35, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa haki ya kuzipata habari zilizo mikononi mwa serikali, na ofisi inayoombwa inapaswa kuamua ombi hilo ndani ya siku 21. Aombe kwa maandishi, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Aulize kama tathmini ya athari za mazingira imefanywa, na iko wapi.

Pili, na aandike. Mkutano ulikuwa tarehe gani? Nani alisema nini? Ripoti ilionyeshwa au ilitajwa tu? Ilielezwa kwa Kiswahili na Kikipsigis, au watu walisomewa Kiingereza? Kanuni za mwaka 2003 ziliagiza mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa, nazo kumbukumbu za mikutano kama hiyo ndizo zilizopimwa katika kesi ya Lamu. Tahadharini na orodha ya mahudhurio. Kutia sahihi kwamba ulikuwapo si kukubali mradi, basi andika maneno hayo kando ya sahihi yako kama una shaka.

Tatu, na ahesabu siku tangu siku ya kwanza. Wengi wetu hungoja mpaka tingatinga lifike langoni ndipo tutafute wakili. Kufikia hapo siku 60 zimekwisha, na miezi 6 inayoyoma.

Nne, na aulize ni mlango gani wa kubisha. Hapa sheria yetu bado ina kichaka. Ipo NEMA, lipo jopo la mazingira, lipo jopo la nishati lililoanzishwa na Sheria ya Nishati ya 2019, na ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo inakaa hata hapa Kericho. Sheria ya 2015 humtaka mlalamikaji amalize kwanza njia nyingine kabla ya kuja kwa jaji, na kesi nyingi zimetupwa kwa kosa la mlango tu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilieleza, katika kesi ya mazingira, kwamba kuwapo kwa njia nyingine si lazima kumfungie mtu mlango wa mahakama anapodai haki zake za kikatiba. Hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo mkulima asibahatishe. Apate ushauri mapema, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imeweka msingi wa kuwasaidia wasio na uwezo.

Katika haya yote kanisa lina kazi ambayo hakuna chama cha siasa kinachoweza kuifanya vizuri kama lenyewe. Mwaka 1992, nyumba zilipochomwa katika Bonde la Ufa na watu wakafukuzwa makwao, serikali ilitoa maelezo yake. Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilituma watu, likasikiza waathiriwa, likaandika na kuchapisha yaliyotokea. Maandishi hayo yalizuia uongo usiwe historia. Parokia na makanisa yetu ya Katoliki, Africa Gospel Church, AIC na mengineyo yana majumba ya mikutano, yana makatibu wanaojua kuandika kumbukumbu, na yana watu wa kila kabila na kila chama katika kiti kimoja. Hilo la mwisho si dogo. Njia rahisi ya kuwashinda watu wanaodai kusikizwa ni kuwagawanya: hawa wenyeji, wale wageni, hawa wa mrengo huu, wale wa mrengo ule. Nyaya za umeme hazibagui kabila, na shauri juu yake lisibague.

Wala mageuzi hayajakamilika. Tuidai serikali na Bunge mambo manne. Ripoti za tathmini ziwe na muhtasari wa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, na usomwe katika baraza. Siku za kukata rufaa zihesabiwe tangu watu walipojulishwa kweli, zisihesabiwe tangu karatasi ilipofungiwa ofisini Nairobi. Majopo yasikize kesi katika kaunti ambako mradi upo, ili shahidi mzee asilazimike kulala safarini. Na pale ambapo kesi imefunguliwa mapema na ina hoja nzito, ujenzi usimame mpaka isikizwe, na isikizwe upesi, ili tusipate tena hukumu ya haki inayotolewa chini ya mitambo inayozunguka.

Bwana Yesu, katika Injili ya Luka mlango wa 18, alisimulia habari za mjane aliyemwendea kadhi asiyemcha Mungu wala kumjali mwanadamu. Mjane yule hakuwa na fedha wala jamaa wakubwa. Alichokuwa nacho ni kwamba hakuacha kwenda. Sisi tuna zaidi yake. Tuna Katiba iliyoandikwa, tuna majaji ambao kazi yao inalindwa, tuna haki ya kusimama kwa niaba ya jirani. Methali ya zamani husema kwamba mnyonge hana haki, na kwa miaka mingi serikali zetu ziliifanya kuwa sera. Basi kila parokia katika Kericho na Bomet ichague mwaka huu watu wawili au watatu waaminifu wa kuhudhuria kila baraza la mradi wa umma, kuandika yanayosemwa, kuomba karatasi, na kuhesabu siku. Kazi hiyo haina shangwe wala bendera, lakini bila hiyo jaji aliye mwema kuliko wote atakosa cha kusoma.